Majilio: namna ya kujiandaa na kutubu kabla foleni ya tarehe 23 haijakukuta

Parokia zetu nyingi hapa Tanzania kila mwaka picha ni ileile. Dominika ya Kristo Mfalme inapita, Dominika inayofuata padre anaingia na zambarau, watu wanashtuka kumbe Majilio, kipindi cha kujiandaa na Noeli, yameanza, afu baada ya hapo kimya mpaka jioni ya tarehe 23 Desemba ambapo foleni ya kitubio, yaani kuungama kwa padre, imezunguka kanisa, padre yuko mmoja, mama wa mbele ana mfuko wa mchele na dumu la mafuta katoka nalo sokoni moja kwa moja, kijana nyuma yake anaangalia saa maana basi la Moshi linaondoka alfajiri na hajafunga hata begi, na kila anayeingia anapata dakika mbili kama si moja na nusu. Sakramenti ni halali, sibishi, lakini hapo mtu amekwenda kutaja dhambi tu, kutubu hakujaanza.

Kwa hiyo haya ninayoandika ni ya mtu anayetaka kuanza mapema. Naandika kama Mkatoliki maana ndo ninakokujua, ila Walutheri na Waanglikana nao wanaadhimisha Majilio, sehemu ya kwenda kwa padre wataruka lakini ile ya madeni na ugomvi inawahusu vilevile, tena sana.

Anza na kalenda. Majilio yanaanza Dominika iliyo karibu zaidi na tarehe 30 Novemba, sikukuu ya Mtakatifu Andrea, ndo maana hayawezi kuanza kabla ya tarehe 27 Novemba wala kuvuka tarehe 3 Desemba. Urefu wake ni kati ya siku 22 na 28. Mwaka 2023 yalikuwa mafupi kabisa, Dominika ya nne ikaangukia tarehe 24 Desemba, asubuhi watu wako kwenye Majilio na jioni ni mkesha wa Noeli. Mwaka 2026 yanaanza tarehe 29 Novemba kwa hiyo una siku 26, zinatosha ukizipanga.

Na ndani ya hizo siku kuna sehemu mbili ambazo wengi hatuzitofautishi. Mpaka tarehe 16 Desemba masomo yanaongelea zaidi Bwana atakayerudi, ndo maana Dominika ya kwanza husikii habari za hori wala wachungaji, unasikia “Kesheni”. Kuanzia tarehe 17 ndo liturujia inageukia kuzaliwa kwake pale Bethlehemu. Ushauri wangu ni huu, kazi yote ngumu ya kutubu, kulipa, kupatana, kuungama, imalizike ndani ya sehemu ya kwanza, ili tarehe 17 ikikukuta uwe mwepesi, ubaki na sala na kusubiri. Ukiigeuza kinyume chake unaishia kwenye ile foleni.

Sasa kutubu kwenyewe kukoje. Mtu wa kumsikiliza Majilio ni Yohane Mbatizaji, anasomwa Dominika ya pili na ya tatu karibu kila mwaka, na sisi tumezoea kumsikia akisema tengenezeni njia ya Bwana, tunaitikia Amina tunakwenda kula. Lakini fungua Luka 3 kuanzia mstari wa 10, watu wanamuuliza kabisa, tufanye nini basi? Na majibu yake hayana mafumbo hata kidogo. Mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo, na mwenye chakula afanye vivyo hivyo. Watoza ushuru wanaambiwa wasitoze zaidi ya walivyoamriwa. Askari wanaambiwa wasimdhulumu mtu, wasimshitaki mtu kwa uongo, na watosheke na mshahara wao. Yaani hakumwambia mtu hata mmoja akasali novena (novena, ile sala ya siku tisa, ni nzuri, usinielewe vibaya), kila mmoja kamgusa mfukoni na kazini kwake. Hapo ndo pa kuanzia.

Kutafuta dhambi moyoni

Wiki ya kwanza tafuta nusu saa ambayo hakuna mtu anakuita. Ukiwa na watoto wadogo hiyo nusu saa ni saa kumi na moja alfajiri au haipo. Chukua karatasi mbili na kalamu, usiandike kwenye simu, mtoto ataomba acheze gemu atakutana na maungamo yako.

Karatasi ya kwanza ni ya dhambi. Wengi tukikaa hapo tunakosa la kuandika, tunaandika nimesengenya, nimekasirika, nimekosa Misa, basi. Tumia maneno ambayo unayasema kila Dominika mwanzoni mwa Misa, kwamba umekosa kwa mawazo, kwa maneno, kwa vitendo na kwa kutotimiza wajibu, yapitie moja moja, na hilo la mwisho kaa nalo muda mrefu kuliko yote. Wajibu wangu kama baba ni upi na nimeuacha wapi? Mama yangu kule kijijini nimempigia lini mara ya mwisho bila yeye kunibipu? Mgonjwa wa jumuiya yetu tuliyepanga kumtembelea, nilikwenda au nilituma udhuru kwenye group? Nikiwa kazini natumia saa ngapi za mwajiri kuangalia video? Dada wa kazi nyumbani anakula saa ngapi, analala wapi, Dominika anapata nafasi ya kwenda kanisani au anabaki kupika pilau la sisi tuliotoka kanisani? Hayo maswali yanauma lakini ndo yanakupa kitu cha kweli cha kupeleka mbele ya Mungu.

Usiandike dhambi za mume. Namaanisha. Wengine wakimaliza karatasi imejaa mambo ya mawifi na mama mkwe.

Karatasi ya pili ni ya madeni, na hii nataka tukae nayo.

Lipa kwanza

Andika kila unachodaiwa, cha pesa na kisicho cha pesa. Deni kwa Mangi wa dukani kwenye daftari lake, sukari na vocha toka Septemba. Rejesho la kikoba ulilolikimbia mpaka wenzako wakalipa badala yako. Fundi aliyekutengenezea kabati ukampa nusu, nusu nyingine kila akipiga uko kwenye kikao. Mshahara wa dada wa miezi miwili ambao “unamtunzia”. Ile hela iliyoingia kwenye simu yako kimakosa, mtu akapiga analia ukazima simu, siku ya pili ukajisemea Mungu kanijibu, jamani hiyo haikuwa jibu la sala, hiyo ni hela ya mtu. Na kama kazi yako ni ya kutoza watu, iwe ushuru, iwe nauli, iwe faini, iwe huduma yoyote ambayo mtu hawezi kuipata bila wewe, basi maneno ya Yohane yamekutaja kabisa, hesabu uliyopokea pembeni.

Kanisa haliliachi hili kwa hiari ya mtu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki namba 1459 inasema ondoleo linaondoa dhambi lakini halirekebishi madhara yote yaliyotokana na dhambi, mtu anatakiwa afanye kinachowezekana kuyarekebisha, arudishe alichoiba, asafishe jina la aliyemchafua, alipe fidia. Kwa hiyo ukiungama wizi afu ile mali ukaendelea kuitumia wakati uwezo wa kurudisha unao, kuna kitu hakijakaa sawa. Zakayo yeye hakusubiri kuambiwa, kasimama mwenyewe katika Luka 19 akasema nusu ya mali kwa maskini na niliyemdhulumu namrudishia mara nne.

Sisi wa kawaida mara nne hatuiwezi, tuanze na mara moja. Panga madeni kuanzia la mtu maskini zaidi, sio la anayepiga kelele zaidi. Benki itasubiri, ina wanasheria, dada wa kazi hana mwanasheria, na anataka aende kwao Desemba na kitenge cha mama yake. Hela ya nguo mpya za Krismasi, hela ya rangi ya sebule, sehemu yake ihamie huku, watoto waelezwe kwa lugha yao kwamba mwaka huu tunavaa za Pasaka maana tulikuwa na hela ya mtu. Wataelewa, na sioni katekesi ya Majilio inayoizidi hiyo. Ambalo huliwezi sasa hivi mpigie mwenyewe kabla hajakupigia, umwambie unanidai, sijasahau, natuma kiasi fulani leo na kilichobaki tarehe fulani. Ambaye humpati tena, amehama au amefariki na ndugu zake huwajui, muulize padre kwenye kitubio, kwa kawaida atakuelekeza hiyo hela iende kwa maskini, ila kubaki kwako haibaki.

Na jina la mtu nalo ni deni. Kama ulisambaza kwenye group habari ya binti wa jirani ambayo hukuwa na uhakika nayo, au ulikuwa na uhakika nayo lakini haikukuhusu, kuifuta kwenye simu yako haitoshi. Rudi palepale ulipoisema useme nilikosea kuleta lile neno. Aibu? Ndiyo, ipo.

Kupatana kabla ya safari

Desemba ndo mwezi wa kwenda nyumbani, Wachaga mnajijua, Wahaya nao wapo, barabara ya kaskazini inajaa magari, na kule kwenye migomba ndo ugomvi wa mwaka mzima unakutana meza moja, kihamba cha mzee, yaani shamba la ukoo, nani aliuza ng'ombe, nani hakuchangia msiba. Watu wamekomunika asubuhi, jioni hawapeani mkono. Mathayo 5:23 inasema ukikumbuka ndugu yako ana neno juu yako, acha sadaka yako mbele ya madhabahu, uende kwanza upatane naye. Ona vizuri, ni yeye ana neno juu yako, hata kama wewe huna neno naye. Wa kwanza kunyanyuka ni wewe.

Fanya hivyo wiki ya pili, ukiwa bado Dar au popote ulipo, msikutane na moto ule ule. Simu ni bora kuliko ujumbe, lakini kama sauti inakataa kutoka basi ujumbe mfupi, na uandike kwake peke yake, sio kwenye group la familia ambako shangazi ataweka emoji za kulia. Kitu kama hiki kinatosha:

“Kaka shikamoo. Toka msiba wa baba hatujaongea vizuri na najua maneno niliyokutolea pale uwanjani mbele ya wazee yalikuumiza. Nilikosa, naomba unisamehe. Habari ya shamba tutaongea na wazee tukifika, lakini sitaki tufike huku tumenuniana. Wasalimie shemeji na watoto.”

Hakuna “ila na wewe ulikuwa”. Ukiweka hilo neno ujue umefuta yote. Akikaa kimya usimtumie tena kila siku, umefanya sehemu yako, mwombee. Na nisisitize hapa maana nimeona watu wanabebeshwa mzigo usio wao, kusamehe sio kurudi kwenye nyumba unakopigwa. Mama aliyekimbia kipigo anaweza kumsamehe mtu akiwa mbali kabisa, na Majilio hayamdai arudi ili familia ipendeze kwenye picha za Krismasi.

Kitubio chenyewe

Amri ya Kanisa inasema ungama walau mara moja kwa mwaka, na wengi tumeifanya hiyo “walau” kuwa ndo kiwango. Uliza paroko ratiba yake, parokia nyingi wanasikiliza kabla ya Misa za asubuhi na Jumamosi, na nyingi zina siku moja ya mafungo ya Majilio ambapo mapadre wa jirani wanakuja kusaidia. Hiyo ya mafungo ndo nzuri kwa wanaomwonea aibu paroko wao. Tarehe 9 Desemba ni sikukuu ya Uhuru, hakuna kazi, uliza parokiani kama padre anaweza kukusikiliza siku hiyo, usikubali ipite kwenye kochi. Kenya wao wana Jamhuri tarehe 12.

Ukiingia usihangaike kama umesahau maneno. Unapiga ishara ya msalaba, unasema nibariki Padre kwa kuwa nimekosa, unataja umeungama lini mara ya mwisho. Kama ni miaka kumi na tano sema miaka kumi na tano, kuna padre mwingine atafurahi kuliko wewe. Afu sema dhambi zako, kubwa unazitaja zilivyo na mara ngapi kwa kadiri unavyokumbuka, bila kuzipaka sukari na bila hadithi ndefu. “Niliiba hela ya ofisi mara tatu” imetosha, huhitaji kueleza meneja ana roho mbaya kiasi gani. Akikuuliza swali jibu. Sali sala ya kutubu, ile inayoanza Mungu wangu nimetubu sana, kama imekutoka kichwani mwambie akuongoze. Malipizi atakayokupa, yaani sala au tendo la kufidia dhambi, yafanye siku hiyohiyo kabla hujatoka kanisani kama ni sala, maana ukifika getini tu umeshakutana na watu wa jumuiya, mnaongea michango, imepotea.

Na siri ya maungamo haivunjwi, sheria ya Kanisa kanuni ya 983 inamkataza padre kumsaliti muungamaji kwa neno au kwa namna yoyote ile na kwa sababu yoyote ile. Kwa hiyo acha kuogopa kwamba Dominika atakuhubiri. Ukisikia mahubiri yamekugusa, ni kwamba dhambi zetu zinafanana, sisi sote.

Wanaoishi bila ndoa ya Kanisa najua mnasoma mkijua hapa mlango unabana. Padre hawezi kukupa ondoleo wakati hali yenyewe inaendelea vilevile na huna nia ya kuibadilisha. Lakini Majilio ndo wakati wa kwenda kumwona katekista, muulize tu tunaanzaje, vyeti vya ubatizo vinatafutwa wapi, mafundisho ni lini, matangazo yanasomwa mara tatu kawaida, na ndoa haihitaji ukumbi wala kamati ya michango milioni kumi, mnaweza kufunga Misa ya asubuhi siku ya kawaida mna mashahidi wawili. Wengi wanaokwama miaka wanakwamia kwenye sherehe, wala hawajakwamia kwenye sakramenti. Wakati mnasubiri, Misa mnasali, jumuiya mnakwenda, na zile karatasi mbili zinawahusu.

Walio mbali na kanisa, mfano dada zetu wanaofanya kazi za nyumbani Oman na nchi za Ghuba ambao siku ya mapumziko haipo au hawaruhusiwi kutoka, maungamo kwa simu au video hayapo, msidanganywe na mtu. Ila Kanisa linafundisha kwamba majuto kamili, yaani kujuta kwa sababu ya kumpenda Mungu mwenyewe na sio kwa kuogopa moto tu, pamoja na nia thabiti ya kuungama mara tu itakapowezekana, yanaleta msamaha hata wa dhambi za mauti. Usiku kabla ya kulala, sala ya kutubu polepole, imetosha, na siku ukipata padre uende.

Nyumbani

Kufunga Majilio sio amri kwa Wakatoliki wa leo kama ilivyo Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Waorthodoksi wao wanafunga siku 40 kabla ya Noeli. Sisi kila mtu achague kitu kimoja kinachomuuma kweli, bia, soda, status za usiku, na hela inayobaki iwe na chombo chake, kopo la maziwa ya unga limetobolewa juu, watoto wanaona linajaa. Tarehe 20 hivi linafunguliwa na kinachonunuliwa kinapelekwa na watoto wenyewe kwa bibi wa mtaa.

Taji la Majilio ni rahisi na halihitaji duka. Matawi ya msonobari au ya mkrismasi, sahani pana, mishumaa minne, mitatu ya zambarau na mmoja wa waridi wa Dominika ya tatu, ile ya furaha ambayo padre naye anaweza kuvaa waridi. Ukikosa rangi washa myeupe funga utepe. Taji hili mwanzo wake ni Hamburg, Ujerumani, mchungaji wa Kilutheri Johann Hinrich Wichern aliwatengenezea watoto maskini aliokuwa akiwalea mwaka 1839 kwa sababu walikuwa wanamsumbua kila siku Krismasi lini. Tumia vilevile, mtoto awashe, mkubwa asome mistari michache ya Isaya, sura ya 40 au ya 11, mwimbe ubeti mmoja, dakika kumi zimeisha. TANESCO wakikata umeme ndo inapendeza zaidi.

Ukishaungama ile karatasi ya dhambi ichane, ichome kabisa. Ya madeni itunze ndani ya Biblia. Kuanzia tarehe 17 ukiona kuna jina halijafutwa, mpigie huyo mtu mara moja tu, mpe tarehe ya Januari, na usimpe ile wiki ya kufungua shule maana wote tunajua ada itaila hiyo hela, mpe ya mwisho wa mwezi mshahara ukiingia, na siku hiyo mtumie yeye kwanza kabla hujalipia king'amuzi.